Chuo Kikuu cha Burundi: Nani anaingia, na shahada inafika wapi?

BUJUMBURA. Mzazi wa hapa aliye na mtoto anayemaliza sekondari ana maswali mawili. Je, mtoto atapata nafasi chuo kikuu? Na akihitimu, shahada yake itatambuliwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala? Maswali hayo yamekiandama Chuo Kikuu cha Burundi, chuo kikongwe cha umma nchini, tangu kilipoanzishwa mwaka 1964.

Chini ya utawala wa Ubelgiji, aliyetaka shahada alivuka kwenda Kongo: ama Lovanium, kilichofunguliwa Leopoldville mwaka 1954, ama Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ambako chuo kikuu cha serikali cha mwaka 1956 kilibeba majina ya Kongo na Ruanda-Urundi kwa pamoja. Upande wa Waingereza, Makerere ilikuwapo tangu 1922, na mwaka 1963 iliungana na Nairobi na Dar es Salaam kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichodumu hadi 1970.

Huku kwetu mambo yalikwenda kinyume. Uhuru wa 1962 uliigawa Ruanda-Urundi kuwa nchi mbili. Rwanda ilifungua chuo chake Butare mwaka 1963. Mwaka uliofuata Burundi ilikusanya taasisi zilizokuwapo, nyingi zikiwa kazi ya mapadri Wajesuiti, na kuunda Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura. Miaka ya 1970 serikali ilishika usukani, na jina la sasa likaanza kutumika mwaka 1977.

Mlango mwembamba

Kwa kuwa kwa miaka mingi chuo kilikuwa kimoja tu, aliyeingia alikuwa ameukaribia utumishi wa serikali. Ndiyo maana migogoro ya nchi haikuishia getini. Katika mauaji ya 1972, ambayo Warundi huyaita Ikiza, Wahutu waliosoma walilengwa, wanafunzi wa chuo wakiwamo. Waliobaki waliogopa kusoma, na kwa miaka mingi Watutsi walikuwa wengi mno madarasani kuliko idadi yao katika nchi. Juni 1995, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, wanafunzi Wahutu waliuawa katika kampasi ya Mutanga.

Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 uliligusa jambo hilo moja kwa moja kwa kutaka elimu igawanywe kwa haki. Wakati huo milango mingine ilikuwa imeanza kufunguka. Chuo Kikuu cha Ngozi kilianza mwaka 1999, na Hope Africa, kilichoanzia Nairobi, kikahamia Bujumbura.

Nafasi ziliongezeka, lakini gharama ikawa kikwazo kipya. Mwaka 2017 serikali iligeuza posho ya wanafunzi kuwa mkopo wa kurejeshwa, na wanafunzi wakalalamika. Kwa mtoto wa mkulima wa Ruyigi au Cankuzo, deni ni jambo la kupimwa na familia nzima.

Shahada ivuke mpaka

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Sheria ya 2011 ilileta mfumo wa ngazi tatu, yaani shahada ya kwanza, uzamili na uzamivu, unaofanana na ule Ulaya iliouanza kwa Azimio la Bologna la 1999. Mwaka 2017, wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza eneo moja la elimu ya juu, kazi inayosimamiwa na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala.

Kinachobaki ni lugha. Mhitimu aliyefundishwa kwa Kifaransa hukutana na Kiingereza mara anapovuka Kobero kuingia Tanzania. Kiswahili, kinachozungumzwa Buyenzi tangu enzi za ukoloni na kilichokubaliwa kuwa lugha rasmi ya Jumuiya mwaka 2021, kinaweza kumsaidia sokoni na kazini. Lakini bado si lugha ya mihadhara.

Kongo ilipotia saini kujiunga mwaka 2022, Lubumbashi, Butare na Bujumbura zilirudi chini ya paa moja, safari hii kwa hiari. Wakuu wa nchi wamemaliza sehemu yao ya kutangaza. Sasa ni zamu ya vyuo kukubali vyeti vya jirani bila kumzungusha mhitimu ofisi hadi ofisi, na ya serikali ya Burundi kuhakikisha mtoto wa Ruyigi naye anakuwa na cheti cha kuvuka nacho.