Kwa Nini Jua la Kidahwe Linachelewa

Mwanafunzi wa kidato cha pili huko Kidahwe, kwenye barabara ya kutoka Kigoma mjini kwenda Kasulu, anauliza hivi: kitabu kinasema saa sita mchana jua huwa juu kabisa na kivuli huwa kifupi kuliko wakati wowote wa siku. Yeye kasimamisha kijiti uwanjani, kapima kila baada ya dakika chache, na kivuli kimezidi kufupika mpaka saa saba na ushei. Sasa kilichokosea ni kijiti au kitabu?

Kijiti kiko sahihi. Hata kitabu hakikudanganya, ila kilikuwa kinazungumzia saa ya jua, na saa iliyo mkononi mwa mwanafunzi ni saa ya serikali. Hizo ni saa mbili tofauti, na Kigoma ndiko zinakoachana zaidi kuliko karibu kokote nchini.

Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa moja, au uzi mmoja kwa dakika nne. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa kufuata longitudo ya nyuzi 45 Mashariki. Mstari huo haugusi ardhi ya Tanzania hata kidogo. Unapita baharini, mbali mashariki ya Pemba na Mafia, kisha unaingia Somalia jirani na Mogadishu. Dar es Salaam iko kama nyuzi 39.3, kwa hiyo jua la Dar limeshachelewa dakika 23 nyuma ya saa. Kidahwe iko karibu na nyuzi 30. Toa 30 kwenye 45, unabaki na 15, nayo ni saa nzima. Saa ya ukutani ikigonga sita mchana Kidahwe, kwa jua ndiyo kwanza saa tano.

Hesabu hii kila aliyesoma jiografia ya sekondari ameifanya. Kinachonishangaza ni kwamba tunaifanyia London na Accra, tunasahau kuifanyia Dar na Kigoma. Kati ya miji hiyo miwili kuna tofauti ya dakika 38 hivi, na ukitaka kuiona subiri Ramadhani. Redioni adhana ya magharibi ya Dar inasikika, watu wa huko wanafungua, na aliyeko Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, akitazama ziwani analiona jua bado lina safari juu ya milima ya Kongo. Asubuhi nako ni hivyo hivyo. Mwezi Juni, saa 12:30 asubuhi, jua la Dar linachomoza. Mtoto wa Kidahwe anayewahi namba shuleni saa hizo anatembea gizani, maana kwake litachomoza saa moja imeshapita. Mtihani wa taifa, lakini, unaanza wakati mmoja nchi nzima.

Ng'ambo ya ziwa mambo yamepangwa vingine. Burundi na mashariki ya Kongo hutumia saa ya longitudo ya nyuzi 30, ndiyo maana mfanyabiashara anayetoka Kigoma kwenda Kalemie au Bujumbura hurudisha saa yake nyuma kwa saa moja. Saa ya jirani, basi, inalingana na jua la Kidahwe kuliko saa yetu wenyewe. Sioni kosa hapo. Nchi moja inahitaji saa moja, hasa nchi yenye treni: reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, haikuwezekana kila stesheni iwe na mchana wake. Kosa linaingia pale mwanafunzi anapofundishwa kwamba saa ya serikali ndiyo jua.

Na atakayepima kwa mwaka mzima atagundua jambo gumu zaidi. Mchana halisi wa Kidahwe haukai pale pale saa saba kamili. Katikati ya Februari kivuli huwa kifupi kabisa kama saa 7:15. Mwanzoni mwa Novemba ni kama saa 6:45. Nusu saa nzima inapotea wapi? Sababu ni mbili. Kwanza, njia ya dunia kulizunguka jua ni duaradufu, kwa hiyo mwendo wake haulingani: Januari, tukiwa karibu zaidi na jua, inakwenda mbio, Julai inapunguza mwendo. Pili, mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23 na nusu. Mambo hayo mawili yakijumlishwa, siku ya jua, kutoka mchana mmoja hadi mchana unaofuata, mara inazidi saa 24 kwa sekunde kadhaa, mara inapungukiwa. Sekunde hizo zikilimbikizana wiki baada ya wiki zinakuwa dakika. Saa ya mkononi hugawa siku zote sawasawa, hivyo haiwezi kulionyesha hilo, kijiti kinalionyesha.

Swali la pili la mwanafunzi huyo ni la mwezi. Kwenye vitabu hilali imechorwa imesimama, tumbo lake limeelekea upande. Yeye akitazama magharibi baada ya jua kuzama anaiona imelala chali kama mtumbwi, pembe zote mbili juu. Je, mwezi wa Kidahwe ni mwingine?

Mwezi ni ule ule, ila anayeutazama amesimama mahali pengine. Upande wa mwezi unaong'aa siku zote ndio ulioelekea jua. Kidahwe iko kama nyuzi 5 tu kusini ya Ikweta, na huku jua huzama karibu wima, likidondoka moja kwa moja chini ya upeo wa macho. Jioni ya mwezi mwandamo, jua huwa limeshuka chini ya mwezi, basi kinachong'aa ni tumbo la chini. London jua halizami hivyo. Huteremka kwa mshazari na kubaki ubavuni mwa mwezi, kwa hiyo aliyeko huko anaona ubavu ndio unaong'aa. Hata kwetu hilali haikai vile vile mwaka mzima: jioni za Machi huinamia upande mmoja, za Septemba upande wa pili.

Wavuvi wa Kibirizi na Ujiji hawahitaji kuelezwa habari za mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hukusanya samaki pale tu maji ya jirani yakiwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa ziwa zima, taa haina kazi, na mitumbwi hupumzika. Baada ya hapo mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku, na kipande cha giza cha mwanzo wa usiku kinazidi kurefuka.

Maswali kama haya yasichekwe. Tuna mfano wetu wa mwanafunzi aliyeuliza akachekwa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, aliweka maziwa ya moto kwenye friza bila kusubiri yapoe, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Mpemba alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara. Wenzake walicheka, Osborne alirudi Dar, akaagiza jambo lenyewe lijaribiwe, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi mpaka leo wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli na kwa sababu gani. Ubishi huo ni halali. Kicheko cha darasani hakikuwa halali.

Mwalimu wa Kidahwe hana haja ya maabara kwa maswali yale mawili ya jua na mwezi. Jua hupita utosini mwa Kidahwe mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 8 Machi, na tena tarehe 5 au 6 Oktoba, wala si tarehe 20 au 21 Machi, ambazo ni za Ikweta. Simamisha fito iliyonyooka, ipime kwa timazi ya fundi mwashi, na uwe uwanjani na wanafunzi Machi saa 7:12 mchana, Oktoba saa 6:49. Kama hakuna mawingu, kivuli kitatoweka kabisa kwenye shina la fito. Wanafunzi waandike dakika waliyoiona wao wenyewe, kisha wapigie simu shule yoyote ya Dar waulize huko kivuli kilikuwa kifupi kabisa saa ngapi.