"Mkono Umekufa": Usemi Unaopotosha

Ni jambo la kawaida kusikia ikisemwa kwamba mkono wa mtu aliyepatwa na kiharusi "umekufa". Mfasiri wa maandishi ya tiba hana budi kuuepuka usemi huu na kuandika "umepooza". Mkono haukufa, kilichokufa ni sehemu ya ubongo iliyokuwa ikiuamrisha, baada ya mshipa wa damu kuziba au kupasuka. Jamaa walioambiwa kwamba mkono wa mzee wao umekufa hawaoni haja ya kuuzoeza, na ile miezi mitatu ya kwanza, ambayo kwa kawaida ndiyo yenye nafuu kubwa, hupita bure.

Wala hao si wachache. Uchunguzi uliofanywa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulionyesha kwamba, baada ya kusawazisha tofauti za umri, wagonjwa wapya kwa mwaka katika kila watu 100,000 walikuwa kiasi cha 109 huko Hai na 316 Dar es Salaam.

Nafuu hutokeaje basi, ikiwa seli za ubongo zilizokufa hazifufuki? Mvuvi wa perege wa Bwawa la Nyumba ya Mungu, chini ya Milima ya Upare, angeelewa upesi. Wavu ukitoboka, hafufui uzi uliokatika. Huanzia kwenye macho mazima yaliyo ukingoni mwa tundu, akaunga uzi mpya hadi pengo likazibika. Ubongo nao hutumia seli jirani, na mara nyingine za upande wa pili, zikaunganika kwa njia mpya na kujifunza kazi ya zile zilizokufa. Lakini hujifunza kwa kurudiarudia. Ndiyo maana mgonjwa ambaye mkono wake ungali na mwendo kidogo huweza kufungwa ule mzima kwa saa kadhaa kila siku, ili ule dhaifu ulazimike kutenda.

Neno linalokuja upesi kwa uwezo huu ni "unyumbufu". Linafaa kwa mpira au ufito, ambavyo hurudia umbo la awali, ubongo haurudii. Twaona "ujipangaji upya wa ubongo" ni istilahi sahihi zaidi, ijapokuwa ni ndefu. Kwa upande wa huduma yenyewe, "utengamao", neno ambalo limekwisha kuzoeleka katika shughuli za afya, halina kasoro: mtu aliyejifunza kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto ametengamaa, hata kama wa kulia haukurudi.