Mtafiti wa Lishe Anapobisha Hodi: Kwa Nini Kipimo cha Mkazi Kina Thamani

Katika mitaa mingi ya Kinondoni na Temeke, mtu akinenepa husifiwa kuwa maisha yamemkubali. Akikonda huulizwa iwapo anaumwa. Sifa hiyo huweza kuficha hatari. Kiribatumbo, yaani unene uliokithiri, huongeza uwezekano wa kupata shinikizo la juu la damu, kisukari na maradhi ya moyo, magonjwa ambayo mara nyingi huingia mwilini kimyakimya.

Ukubwa wa tatizo hili haujulikani kwa kukisia. Kati ya Aprili 2007 na Aprili 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) walipita katika kaya za Kinondoni, ambayo wakati huo ilijumuisha pia Ubungo ya leo. Kati ya watu wazima 1,249 waliopimwa, 240, sawa na asilimia 19.2, walikuwa na kiribatumbo. Kwa wanawake kiwango kilikuwa asilimia 24.7, na kwa wanaume asilimia 9. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011.

Mtafiti huandaliwaje?

Kipimo kinachotumika ni uwiano wa uzito na urefu: uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu likifika 25 ni uzito uliozidi. Likifika 30 ni kiribatumbo. Mwanamke mwenye urefu wa sentimita 160 na uzito wa kilo 75 hupata 29.3. Mizani ikikosea kwa kilo 2 tu, ataandikwa kuwa na 30.1 na kuhesabiwa katika kundi lisilo lake. Kosa hilo likirudiwa katika kaya nyingi, takwimu za wilaya nzima hupotoka.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kwenda mtaani, wapimaji hufunzwa kuhakiki mizani, kumvua mpimwaji viatu, kurudia vipimo na kulinganisha majibu yao wenyewe kwa wenyewe. Hufunzwa pia kuuliza habari za mlo bila kumwaibisha mtu.

Kazi ya wengi

Daktari peke yake hawezi kazi hii. Huhitaji mtaalamu wa lishe, mtakwimu na anayeijua jamii. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, huratibu masuala ya lishe kitaifa. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hufundisha wataalamu wa lishe. Muhimbili imeshirikiana na Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani tangu miaka ya 1990, kuanzia utafiti wa vitamini kwa wajawazito wenye VVU jijini Dar es Salaam. Katika halmashauri, maofisa lishe ndio wanaogeuza matokeo kuwa elimu na huduma.

Nafasi na haki za mkazi

Katika utafiti wa Kinondoni, wanawake walikuwa 814 na wanaume 435 pekee. Wanaume wachache wakipimwa, picha ya afya yao huwa hafifu zaidi. Baba anayekubali kupimwa huwasaidia wanaume wenzake wa mtaa mzima.

Hata hivyo, hakuna anayelazimishwa. Mtafiti anapaswa kuonyesha kitambulisho na kibali, na kujitambulisha kwa serikali ya mtaa. Anapaswa kueleza lengo la utafiti, kuomba ridhaa na kutunza siri. Mkazi anaweza kukataa swali lolote, au kujitoa wakati wowote, bila kupoteza haki ya kutibiwa. Akiwa na shaka, amwone mwenyekiti wa mtaa kabla ya kutoa taarifa zake.

Aidha, mkazi hana haja ya kusubiri mtafiti. Afike katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, aombe kupimwa uzito, urefu na shinikizo la damu, na kuelezwa maana ya majibu yake.