Gofu: Hofu hushindwa mazoezini kabla ya siku ya mashindano

UKISIMAMA katika ufuo wa Karagita, viungani mwa mji wa Naivasha, na kuelekeza macho ng'ambo ya ziwa upande wa kaskazini magharibi, utaiona milima ya Eburru. Kwenye miteremko ya milima hiyo kuna uwanja wa gofu wa Great Rift Valley Lodge, wenye mashimo 18.

Kwa wakazi wengi wa Karagita, ambao hujipatia riziki katika mashamba ya maua, gofu huonekana kuwa mchezo wa wenye nacho. Hata hivyo, wachezaji wengi wa kulipwa humu nchini walianza wakiwa makedi, yaani wabebaji wa mikoba ya wachezaji, na wakajifunza kwa kutazama. Kwa kijana wa aina hiyo, gofu si mchezo wa kupitisha wakati. Katika mashindano mengi ya kulipwa, wanaoshindwa kufuzu baada ya raundi mbili za mwanzo hurudi nyumbani bila hata senti. Pigo moja la umbali wa mita moja laweza kuamua iwapo karo ya mtoto italipwa.

Ni kwa nini basi mchezaji aliyefanikisha pigo hilo mara elfu mazoezini alikose siku ya mashindano?

Mwili na akili

Jambo la kwanza hutokea mwilini. Mtu anapohisi hatari, mwili humwaga damuni kemikali iitwayo adrenalini. Moyo huenda mbio, pumzi hufupika na misuli hukaza. Hali hii humfaa anayemkimbia nyati. Mwanagofu anayehitaji kuugusa mpira kwa wororo haimsaidii. Vidole hukibana kijiti kupita kiasi na mpira huenda kusikokusudiwa. Katika mapigo marefu, nguvu hizo za ziada huweza kuupeleka mpira mbali kuliko kawaida. Naivasha nayo iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na mpira husafiri mbali hata bila msukumo wa hofu.

Jambo la pili hutokea akilini, nalo ndilo gumu zaidi. Mchukulie mfanyakazi wa Karagita aliyezoea kupanga mashina ya waridi kwa mafungu. Mikono yake huenda upesi huku yeye akizungumza na mwenzake. Msimamizi anapokuja kusimama nyuma yake, hasa katika pilkapilka za kabla ya Sikukuu ya Wapendanao, mfanyakazi huyo huanza kuitazama mikono yake mwenyewe na kuhesabu shina moja moja. Kasi hupungua na makosa huzidi. Hajasahau kazi, ameanza tu kuingilia jambo ambalo mikono yake ilikwisha kulijua.

Hali ni hiyo hiyo katika gofu. Mwaka 2001, watafiti Sian Beilock na Thomas Carr wa Marekani walichapisha utafiti kuhusu mapigo mafupi ya kusukuma mpira shimoni. Utafiti mwingine uliofuata mwaka 2002 ulionyesha kwamba wanagofu wazoefu walipotakiwa kufuatilia pigo lao wenyewe, walikosea zaidi kuliko walipopewa kazi nyingine ya kusikiliza sauti. Kwa maneno mengine, ushauri wa "kuwa makini na mkono wako" unaweza kumfaa anayeanza kujifunza na kumharibia aliyekwisha kubobea.

Waliojikwaa na kuinuka

Historia ya gofu imejaa mifano. Mwaka 1999, katika mashindano ya British Open uwanjani Carnoustie, Scotland, Mfaransa Jean van de Velde alifika shimo la mwisho akiongoza kwa mikwaju mitatu. Alihitaji mikwaju sita tu ili atwae taji. Alitumia saba, kisha akashindwa na Paul Lawrie katika mchujo.

Rory McIlroy wa Ireland Kaskazini aliingia raundi ya mwisho ya mashindano ya Masters ya mwaka 2011 akiwa mbele kwa mikwaju minne, lakini akapiga mikwaju 80 siku hiyo na kutumbukia hadi nafasi ya 15. Miezi miwili baadaye alishinda US Open kwa tofauti ya mikwaju minane. Taji la Masters lenyewe alilisubiri hadi mwaka 2025. Hata siku hiyo alikosa pigo fupi katika shimo la 18 ambalo lingempa ushindi wa moja kwa moja. Muda mfupi baadaye alirudi kwenye shimo hilo hilo kwa mchujo dhidi ya Justin Rose, naye akashinda. Hofu haikuwa imemwondoka. Aliyeshinda alikuwa mtu aliyeweza kuliacha kosa la dakika chache zilizopita na kulikabili pigo lililokuwa mbele yake.

Hapa nyumbani, mashindano ya Kenya Open yalianza mwaka 1967, na hadi makala ya mwaka 2025 hakuna Mkenya aliyekuwa ameyashinda. Aliyekaribia zaidi ni Jacob Okello, ambaye mwaka 1998 alilingana kwa mikwaju na Ricardo González wa Argentina baada ya raundi nne, kisha akashindwa katika mchujo. Litakuwa kosa kusema kwamba Okello alikosa ujasiri, kwa maana aliyefika mchujo amekwisha kuwapita washindani karibu wote. Kisa chake chatufunza jinsi pengo lilivyo dogo: siku nne za kazi, kisha kila kitu kikaamuliwa na mapigo machache.

Kuizoeza hofu

Habari njema ni kwamba utulivu hufundishika. Katika utafiti ule wa mwaka 2001, waliofanya mazoezi huku wakirekodiwa kwa kamera hawakuyumba walipowekewa shinikizo baadaye, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuzoea kutazamwa. Kijana asiye na kamera anaweza kuwaita wenzake wamzunguke huku wakipiga kelele. Badala ya kupiga mipira 50 kwa mfululizo, apige mmoja tu, na akiukosa awanunulie wenzake soda. Pigo lenye gharama ndilo linalofanana na pigo la mashindano.

Pili, awe na utaratibu mmoja usiobadilika kabla ya kila pigo. Asimame nyuma ya mpira, achague mahali anapotaka uende, avute pumzi na kuitoa polepole, apime pigo mara moja, kisha apige. Utaratibu huo ufuatwe katika mazoezi ya Jumatatu na katika shimo la mwisho la Jumapili. Akili iliyoshughulika na hatua inazozijua hukosa nafasi ya kuwazia zawadi au aibu.

Tatu, macho yatulie. Mtafiti Joan Vickers wa Kanada alionyesha mwaka 1992 kwamba wachezaji hodari wa mapigo mafupi huukazia mpira macho kwa utulivu na kwa muda mrefu kuliko wachezaji dhaifu, ambao macho yao hurukaruka. Sekunde mbili tatu za kutazama mahali pamoja hazigharimu chochote.

Nne, kila pigo lizikwe likiisha. Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mchezaji ajiwekee mpaka, mathalan hatua kumi za kukasirika au kufurahi, kisha arejee kwenye mpira. Kedi naye anaweza kusaidia hapa, kwa kuwa neno moja la utulivu kutoka kwa mbeba mkoba humrudisha mchezaji kwenye kazi iliyopo.

Pamoja na hayo, isidhaniwe kwamba akili tulivu huziba pengo la ujuzi. Asiyejua kupiga hatasaidiwa na pumzi ndefu, na kijana asiyepata nafasi ya kuingia uwanjani hana pa kuizoezea hofu yake. Vilabu vinavyowaruhusu makedi kucheza siku zisizo na wageni wengi huwapa zaidi ya burudani. Huwapa mahali pa kukosea mapema, kabla ya siku ambayo kosa litawagharimu karo.