Mkalimani wa Binti Aliye Ughaibuni



Baada ya swala ya alasiri, mama mmoja wa mtaani petu alitujia akiwa na simu mkononi na uso usio na raha. Bintiye ameolewa Norwe, ana mimba ya kwanza, na kila aendapo kliniki hufuatana na mtoto wa wifi yake, wa miaka 11, amfasirie maneno ya mkunga. "Sheikh," akasema, "mwanangu ana jambo la ndani lamuumiza, na hawezi kulitamka mbele ya mtoto."

Tulidhani dawa ni mumewe afuatane naye. Tulipochunguza, tukakuta sheria ya huko imetutangulia. Tangu tarehe 1 Januari 2022, sheria ya ukalimani ya Norwe yazilazimu ofisi za umma, hospitali zikiwemo, kumtumia mkalimani aliyehitimu pale haki ya mtu au matibabu yake yanapomhitaji. Kuwatumia watoto yakataza, isipokuwa kwa dharura na hali chache. Gharama ya mkalimani wa hospitali haimwangukii mgonjwa. Lililo juu yake ni kusema mapema, miadi ipangwapo, kwamba lugha yake ni Kiswahili. Na aombe mwanamke, bila haya, hata kama atapatikana kwa simu tu.

Wakalimani hao wameandikwa katika daftari la taifa lililo wazi mtandaoni kwa kila mtu, chini ya idara iitwayo IMDi. Daraja zao ni tano, A hadi E; wa A ni waliosomea ukalimani chuo kikuu na kupewa idhini ya dola. Wote wamefungwa wasitoe siri, wasizidishe wala wasipunguze. Mkalimani akisema "mimi naumwa", ulimi ni wake, maneno ni ya mgonjwa. Na sisi tuliokaa madrasa twakumbuka kuwa Mtume (s.a.w.) alimwamuru Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa kuwa hakuwaamini wengine na barua zake.

Karatasi zina mtu wake mwingine: mtarjumani mwenye idhini ya dola, huko aitwa *statsautorisert translatør*. Lakini wazazi wasiharakie kutoa pesa. Idara ya uhamiaji ya Norwe hupokea hati za Kiingereza, kama zilivyo nyingi za hapa kwetu. Ya Kiarabu ndiyo itakayotaka tafsiri.

Mama yule alimpigia bintiye usiku ule ule. Wiki ya tatu akarudi kutuarifu: mkalimani alipatikana, mwanamke, kwa simu, na mtoto alibaki nyumbani. Binti alizungumza na mkunga kwa muda mrefu. Alilolisema hatukuambiwa, wala hatukuuliza.