MALEZI: Kunyonyesha hufunzwa, na mwalimu aghalabu ni mama mwingine

MWANAMKE anayejifungua hospitalini bila matatizo aghalabu huruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku moja au mbili. Wakati huo maziwa yenyewe huenda hayajashuka. Kilichomo matitini ni dang'a, yale maziwa machache mazito ya rangi ya manjano ambayo humkinga mtoto dhidi ya maradhi. Maziwa mengi huanza kuja kati ya siku ya pili na ya tano. Kwa hivyo, masaibu ya kunyonyesha, yaani matiti kuvimba na kuwa magumu kama jiwe, chuchu kupasuka na mtoto kulia usiku kucha, humkuta mama akiwa kwake, muuguzi hayupo.

Zamani pengo hilo lilizibwa na jamaa. Katika mwambao wa Pwani, mzazi, kama aitwavyo huko mwanamke aliyetoka kujifungua, hukaa arobaini akikandwa kwa maji moto na kupikiwa, mama au shangazi yake akiwa ubavuni. Miongoni mwa Agikuyu hupikiwa njahi. Desturi hizi hazijafa. Hata hivyo, msichana anayeishi Kayole au Changamwe, na ambaye mamake yuko Siaya au Kitui, huikaa arobaini yake peke yake katika chumba cha kukodi. Na hata nyanya akiwepo, ushauri wake huwa mseto: anajua kumpakata mtoto kuliko daktari yeyote, lakini pia ndiye wa kwanza kuagiza apewe maji, dawa ya tumbo na uji mwepesi akiwa na miezi miwili.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtoto anyonyeshwe ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kisha aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine hadi atimize miaka miwili au zaidi. Kenya imepiga hatua kubwa. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya, watoto wa chini ya miezi sita waliokuwa wakinyonyeshwa bila kupewa kitu kingine walikuwa asilimia 13 mwaka wa 2003, wakafika asilimia 32 mwaka wa 2008-09 na asilimia 61 mwaka wa 2014. Utafiti wa 2022 ulipata asilimia 60. Kasi hiyo, basi, imekwama.

Takwimu hizo za jumla pia huficha mengi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011 kuhusu mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani, Nairobi, ulibaini kuwa takriban asilimia mbili tu ya watoto ndio walionyonyeshwa maziwa ya mama pekee hadi mwisho wa miezi sita. Kipimo hicho si sawa na kile cha kitaifa, ambacho huhesabu pia watoto wachanga wa wiki moja au mbili, lakini kinadokeza ni wangapi huachia njiani.

Sababu ambayo akina mama wengi hutoa ni moja: "Maziwa hayatoshi." Mara nyingi maziwa yapo. Titi hutengeneza kulingana na jinsi linavyonyonywa. Mtoto akinyonya zaidi, maziwa huongezeka, na akipewa chupa, hupungua. Isitoshe, maziwa yaliyokwisha kutengenezwa hayatoki bila homoni iitwayo oksitosini, ambayo huyasukuma kuelekea kwenye chuchu. Maumivu, hofu na wasiwasi huizuia homoni hiyo. Mama anayeamini kuwa hana maziwa hujikuta akikamua bila kupata kitu, na imani yake ikathibitika. Ni hapa ambapo mwenzake, aliyelia kilio hicho hicho miezi mitatu iliyopita na ambaye sasa mwanawe amenona mapajani, humfaa kuliko kijitabu chochote.

Wataalamu walilitambua hilo mapema. WHO na Shirika la Umoja wa Mataifa la Watoto (UNICEF) yalipoanzisha mpango wa hospitali zinazomjali mtoto mwaka wa 1991, hatua ya mwisho kati ya kumi zilizowekwa ilikuwa kuhimiza vikundi vya akina mama na kuwaelekeza humo wanaotoka wodini. Nchini Kenya mpango huo umepelekwa vijijini na mitaani, ambapo vikundi huundwa kwa msaada wa wahudumu wa afya wa nyanjani. Majaribio yaliyofanywa eneo la Koibatek, Kaunti ya Baringo, yalionyesha kuwa akina mama waliofikiwa na mpango huo walidumu zaidi katika kunyonyesha bila kuchanganya.

Kikundi huwa kidogo, ili kila mmoja asemeshwe. Mjamzito huketi karibu na mwenye mtoto wa miezi minne. Chuchu iliyopasuka huonyeshwa bila haya, na kosa hubainika papo hapo: mtoto amekamata ncha tu, badala ya kupanua kinywa na kulimeza pia lile duara jeusi. Anaondolewa, anageuzwa tumbo lake ligusane na la mama, anajaribu tena. Mama hufunzwa pia kuhesabu nepi badala ya vilio: baada ya siku tano za kwanza, mtoto anayekojoa mara sita au zaidi kwa siku kwa kawaida anashiba.

Vikundi hivi vina mipaka, na kiongozi mwema huijua. Titi likiwa jekundu na moto huku mama akiwa na homa, au mtoto akilegea na kukosa mkojo, safari ni ya hospitali. Mama anayeishi na virusi vya HIV hushauriwa kunyonyesha huku akitumia dawa za ARV bila kukosa. Siri yake ni yake, na kikundi hakina haki ya kumhoji. Kwa sababu hiyo hiyo ya maambukizi, kumnyonyesha mtoto wa mwenzako si msaada wa kutolewa kiholela. Kwa watoto wanaokosa maziwa ya mama zao, hospitali ya uzazi ya Pumwani ilifungua mwaka wa 2019 benki ya kwanza nchini ya maziwa ya akina mama, ambayo hupimwa na kuchemshwa kitaalamu.

Kuna jambo jingine ambalo urafiki pekee hauwezi kulitatua, nalo ni muda. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama likizo ya miezi mitatu kwa malipo kamili, ilhali miezi ya kunyonyesha bila kuchanganya ni sita. Sheria ya Afya ya 2017 humtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea na kuruhusu mapumziko ya hadi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Ni haki nzuri kwa mwenye mwajiri. Mwanamke anayefulia watu nguo Eastleigh kwa malipo ya kutwa hana wa kumdai chumba, na asipofanya kazi leo hali.

Wanaojiweza kidogo hupangiana zamu ya kulea, na kufunzana kukamua maziwa kwa mkono katika kikombe safi chenye kifuniko. Katika joto la kawaida la chumba, maziwa hayo yasizidishe muda wa saa nne. Kwenye friji hukaa hadi siku nne. Yule anayebaki na watoto huyanywesha kwa kikombe, si chupa.

Asiyejua kikundi kilipo anaweza kumuuliza muuguzi wa kliniki anakompeleka mtoto chanjo, au mhudumu wa afya wa mtaa wake. Wakati bora wa kuuliza ni kabla ya kujifungua.