Nyanya Bora Isiingie Sufuriani

Ni jikoni chache sana ambamo nyanya hukosekana. Hata hivyo, wengi wanaopanda nyanya nyuma ya nyumba hurudi dukani kununua mbegu kila msimu. Gharama hii inaweza kuepukwa, mradi jamaa wakubali jambo moja: nyanya iliyo nzuri kuliko zote isiliwe.

Kwanza, fahamu aina uliyo nayo. Nyanya za tangu zamani kama Money Maker, Marglobe na Cal J huzaa matunda yanayofanana na mzazi, kwani maua yake hujichavusha yenyewe. Lakini mbegu chotara, ambazo pakiti yake huandikwa F1, hazifai kuwekwa. Huzaa vizuri mara ya kwanza, ila watoto wake hutofautiana, na huenda ukapoteza msimu mzima.

Usichague tunda kapuni. Chagua mmea ungali shambani: wenye afya, uliozaa sana, usio na madoa ya ukungu. Ufunge uzi ili watoto wasiuchume. Tunda liache liive hadi lianze kulainika.

Likate, ukamulie mbegu na ute wake katika gilasi, utie maji kidogo na kufunika kwa kitambaa. Baada ya siku 2 au 3 zitachacha na kunuka. Usizitupe! Kuchacha huko huondoa ule ute unaozuia mbegu kuota. Ongeza maji, mbegu nzuri zitazama. Zioshe kwa chujio, kisha uzianike kivulini juu ya sahani, kwani zikianikwa kwenye karatasi zitagandamana nayo. Zikikauka kabisa, zitie katika chupa yenye kifuniko, uandike aina na mwaka, na uiweke mahali pakavu pasipo joto. Zinaweza kukaa miaka 4 hivi.

Zisie kitaluni, zitaota baada ya wiki moja hivi. Hamisha miche ikitimiza wiki 4 hadi 6, wakati wa jioni, ukiacha sentimita 60 kati ya mistari na 45 kati ya miche. Isimikie vijiti. Mwagilia shinani, si kwenye majani, maana majani yenye unyevu hukaribisha ukungu. Epuka pia mahali palipokuwa na viazi, pilipili au biringanya, kwani mimea hiyo ni ya jamii moja na nyanya na huambukizana magonjwa.

Mbegu za tunda moja zinaweza kupita 100. Mgawie jirani. Zako zikiharibika, utajua pa kubisha hodi. Akiba haiozi.